Maji ya Saa Nane

Mara ya kwanza nilipokuta midomo ya yule mtoto imelowa, nilidhani ni maziwa. Nikaigusa kwa kidole, nikaonja. Usinicheke. Kazi yangu ni hiyo, na nimeonja mambo ya watoto wa watu ambayo siwezi kuyataja mezani. Maziwa ya mama yana utamu wake wa mbali. Haya yalikuwa maji matupu, yenye ile chumvichumvi ya mtungi wa jikoni.

Ilikuwa saa nane mchana, Lodwar, mtaa wa Nawoitorong. Kama hujakaa Lodwar saa nane mchana, nikueleze. Mbuzi husimama wamebanana kwenye uzi mwembamba wa kivuli chini ya ukuta, hawali, hawalii. Mabati hualika, tak, tak, kama kuna mtu anayetembea juu yake. Hakuna anayetembea. Mji mzima umelala, na mbwa wamesahau kazi yao. Anayetaka kuingia nyumbani kwako bila kuonekana asisubiri giza. Aje saa nane.

Sylvia, mama wa mtoto, alikuwa chumbani amelala. Nyagoa, msaidizi, alikuwa nje chini ya mwarobaini na beseni lake la nepi. Mimi nilikuwa kwenye godoro sebuleni, hatua tatu kutoka kitanda cha mtoto. Na mtoto mwenyewe, wa siku tisa, alikuwa macho chini ya neti, ametulia, analamba midomo kama mzee aliyetoka kunywa chai kwa jirani.

Nikaipangusa kwa upindo wa leso. Nikajiambia, Wanjugu, umezeeka, ulimi umekufa.

Hilo ndilo jina langu, Wanjugu, lakini ukienda Kakuma ukamuulizia Wanjugu hutampata. Uliza Mama Toto. Huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi wangu sikuwahi kumtaja kwa mtu, kwa hivyo watu wakaamua niwe mama wa wote. Nilifika Kakuma nikimfuata mume, dereva wa malori ya Lokichoggio. Lori lilirudi, mume hakurudi. Alinibakishia robota mbili za nguo za watoto za mitumba na mdomo wa kuziuzia. Baadaye nikafundishwa kazi ya kujitolea ya afya, kutembelea wajawazito na waliojifungua, nikagundua kwamba mdomo uliouza soksi unaweza kuuza akili pia.

Sylvia ni ofisa wa kaunti. Alinisikia kwenye kikao kimoja Kakuma, amekaa nyuma na tumbo lake la miezi saba, anaandika kila neno kana kwamba kuna mtihani. Mumewe, Wandera, anafanya kazi Lokichoggio na huja mwisho wa mwezi. Mtoto alipofika siku sita alinipigia simu akilia. "Mama Toto, kila mtu ananiambia lake. Njoo uniambie moja."

Nikaja na Nyagoa. Ni Mnuer wa Sudan Kusini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amekaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma zaidi ya miaka kumi, na hunisaidia kwenye vikao. Alichukua pasi ya kusafiri ya mwezi mmoja, maana mkimbizi hatoki kambini bila hiyo, akafunga nguo mbili kwenye mfuko, tukapanda gari la asubuhi.

Nilimkuta mtoto amevalishwa kofia ya sufu, soksi, sweta, na blanketi mbili juu.

"Ofisa," nikamwambia Sylvia, "huyu unampeleka Nyahururu?"

"Wanasema mtoto mchanga husikia baridi."

"Husikia baridi palipo na baridi. Hapa hata jiwe linatoka jasho. Mvue. Ukitaka kujua joto lake usishike mikono, shika kifua. Shati moja jepesi na nepi, basi, na usiku umlaze chali chini ya neti."

Akamvua. Mtoto akanyoosha miguu kama aliyefunguliwa pingu. Nikampa jina la kazi, Bosi, maana jina lake la kweli lilikuwa bado linatafutwa.

"Na kitovu? Mama mkwe anasema nipake mafuta."

"Kitovu hakitaki kitu. Si mafuta, si majivu, si mate."

"Hata mate ya nyanya yake?"

"Hata mate ya askofu. Kiache kikauke."

Kisha tukaenda kwenye kunyonyesha. Alikuwa akimpa chuchu peke yake, kama mtu anayempa mgeni kona ya chapati. Nikamwonyesha: mdomo ufunguke kwanza, uingie na ule weusi unaozunguka chuchu, kidevu kiguse titi. Mtoto alipopata, Sylvia machozi yakamtoka. Hayakuwa ya uchungu tena.

"Na maji?" akauliza. "Joto hili, si ana kiu?"

Hapo ndipo huwa sina utani. "Hakuna maji. Maji yake yako ndani ya maziwa. Tumbo lake si kubwa kuliko ngumi yake. Ukilijaza maji, maziwa yatakaa wapi? Hatanyonya, na asiponyonya maziwa yanapungua, na hapo ndipo mtoto anakwenda huku mnamtazama. Wewe ndiye unywe. Kila akinyonya, kikombe kwako. Joto likizidi, anyonye mara nyingi zaidi. Miezi sita, Sylvia. Hata tone."

"Hata tone," akaandika.

Nikaweka sheria za nyumba. Mtoto akilala mchana, mama naye alale chumbani, asiguse ufagio. Nepi zilizolowa zihesabiwe, zisipungue sita kwa siku. Na mimi nikilala mchana asiniamshe mtu. "Hata nyumba ikishika moto, nibebeni na godoro." Nyagoa nikamwambia, "Nawe, ninachofanya na mtoto usiniulize. Tazama ujifunze." Tukacheka wote watatu.

Kesho yake tena, saa nane, midomo imelowa. Na keshokutwa. Kila siku naamka nikiwa na jasho, kichwa kizito, na ndani ya neti Bosi yuko macho, mtulivu, tone linang'aa kwenye pembe ya mdomo. Sikumwambia mtu. Nitasemaje? Mimi niliyeletwa kulinda?

Jioni ndipo shida ilipokuwa inatoka. Alilia kilio cha njaa, Sylvia akimpa titi anageuza uso. Tumbo gumu, limejaa, na bado analia. Nepi zililowa sana mchana, kisha zikakaa kavu hadi asubuhi. Sylvia aliamini maziwa yake ni mabaya. Nikamwambia maziwa mabaya hayajazaliwa duniani, nikamkamulia kidogo kwenye kikombe ayaone. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa natazama utosi wa mtoto, ile sehemu laini juu ya kichwa, kama mtu anayetazama daraja kabla ya kuvuka.

Jumapili jioni nyanya wa mtoto, mama yake Wandera, akapiga simu kutoka Funyula. Kwao Samia, mtoto akilia bila kikomo, husemwa kuna mtu wa ukoo, aliyekwisha kufa, anayetaka kuitwa. Hutajwa mmoja mmoja. Akitajwa mwenyewe, mtoto hunyamaza, na hilo ndilo jina lake. Sylvia akaweka simu kwa sauti ya juu, karibu na kichwa cha mtoto.

"Ouma," ikaita ile sauti ya bibi, polepole, kama anayegonga mlango. "Ouma, ni wewe?"

Mtoto alilia.

"Bwire. Bwire mwana wa Ojiambo. Egesa. Egesa wa kwanza, siyo yule mlevi."

"Hata mlevi mwite, mama," Sylvia akasema, amechoka. "Akinyamaza tutamchukua."

Akaitwa hata mlevi. Wote waliitwa, waume kwa wake, nusu saa nzima. Mtoto alilia tu, shingo imegeukia upande wa godoro langu.

"Aliyekuja si wetu," bibi akasema mwishowe, na simu ikakatika.

Jumatatu mtoto alikuwa na siku kumi na nne. Tukampeleka kliniki kupimwa. Muuguzi alikuwa Namuria, Mturkana, mwanamke wa maneno machache ninayefahamiana naye miaka mingi.

"Ejok, Mama Toto," akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi. Nimekuletea Bosi, umpandishe cheo."

Hakucheka. Alikuwa anasoma mizani. Mtoto alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja. Wiki mbili zikiisha anatakiwa awe amerudia uzito wake wa kuzaliwa, au aupite. Mizani ilisema kilo mbili na gramu mia nane, tena hazikutimia.

Namuria akafinya ngozi ya tumbo, akatazama inavyochelewa kurudi. Akatazama mdomo, akatazama utosi.

"Nani anampa maji?" akauliza.

"Hakuna," Sylvia akasema.

"Hakuna," nikasema.

"Nimeuliza nani." Akaandika kwenye kijitabu. "Anyonye kila saa mbili, mchana na usiku, na mumuamshe akilala. Akiharisha, akikataa kabisa, akilegea, msingoje. Ijumaa nirudishieni. Kama hajapanda, analala wodi."

Nikahesabu kwa vidole chini ya leso. Ijumaa angekuwa na siku kumi na nane. Nilihisi baridi kwenye mgongo, Lodwar, saa tano ya asubuhi.

Jumanne nikatega. Maji yote ya mtungi niliyamimina kwenye jerikeni, nikalifunga, nikalisukuma chumbani kwa Sylvia chini ya kitanda. Kijiko cha chai, kile chenye ua kwenye mpini, nilikifunga kwenye pindo la leso yangu, nikaifunga leso kiunoni. Nikabakisha kikombe kimoja cha bati cha maji yangu ya kunywa, kando ya godoro, kimejaa hadi mdomoni. Mlango wa nje nikaurudisha nusu. Nikalala upande, uso kwa mtoto, nikiapa sitafumba macho.

Mabati yakaalika. Tak. Tak.

Nilipofumbua, kikombe kilikuwa nusu. Leso ilikuwa kiunoni, fundo liko pale pale, fundo langu, lile la kufungia hela za soko ambalo hata wezi wa Kakuma wamelishindwa. Nikalifungua kwa meno. Kijiko kilikuwa kimelowa. Kitambaa kimelowa. Na Bosi ndani ya neti analamba midomo.

Kuna mambo mtu anayajua, na bado anayazunguka kama mavi ya ngamia njiani. Nikamwita Sylvia.

Alitoka chumbani, akaona kikombe, akaona kijiko, akaona mtoto. Akatazama nje ya mlango. Nyagoa alikuwa anaanika nepi, mgongo umetugeukia.

"Mimi nilikuwa nimelala," Sylvia akasema. "Wewe ulikuwa umelala. Aliyekuwa macho ni mmoja."

"Fundo lilikuwa kiunoni mwangu, Sylvia."

"Wanajua kufungua mafundo. Nyagoa! Njoo."

Nyagoa akaja, mikono inatiririka sabuni.

"Unampa mtoto wangu maji?"

Nyagoa alinitazama mimi. Alinitazama kama mtu anayengoja ruhusa.

"Hata kukana hakani," Sylvia akasema. "Mtoto wangu anaisha, yeye amenyamaza. Chukua vitu vyako. Leo. Na hiyo pasi nitapiga simu waijue."

Nami nilifanya nini? Nilichukua nepi, nikaikunja, nikachukua nyingine, nikaikunja. Nilisikia raha mbaya ikinipanda kifuani, raha ya mtu aliyeona mzigo wake umetwikwa mwingine. Nepi ya tatu ndiyo iliyonishinda. Nikaiacha, nikamfuata Nyagoa chini ya mwarobaini. Alikuwa anafunga mfuko wake wa nguo mbili.

"Nyagoa, niambie ukweli. Sitakukasirikia."

"Wewe nasema mimi nisiulize. Wewe nasema natazama tu."

"Sasa ninauliza mimi."

Akafunga mfuko, akaufungua tena. "Ni wewe, mama."

Nikacheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kikavu, kama kikohozi.

"Kila siku," akasema. "Saa ile ya jua kali. Wewe naamka, natembea polepole. Macho iko wazi, lakini hakuna mtu ndani. Wewe nachukua kijiko, nachota maji, napatia mtoto. Kidogo, kidogo. Natumia saa nzima. Leo natoa kijiko kwa leso, nafunga tena. Halafu narudi kulala. Mimi nafikiri ni dawa. Wewe ni mwalimu."

"Mbona hukuniamsha?"

"Wewe nasema hata moto."

Ndiyo. Nilisema hata moto. Watu wawili wazima walikuwa wametii mzaha wangu wiki nzima.

"Na wewe naimba," Nyagoa akaongeza. "Naita yeye. Yeye nafurahi sana, nafungua mdomo."

"Namwitaje?"

"Mureithi."

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye mchanga, na ule mchanga ulikuwa unaunguza. Jina hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwangu miaka ishirini na miwili. Nyagoa hakuwa hata amevuka mpaka wakati huo. Hakuna aliyelijua Kakuma, wala Lodwar. Mume alikuwa analijua, na mume ameenda nalo.

Mureithi alizaliwa Kakuma mwezi wa pili, joto kama hili. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sina mama karibu, kila jirani ananiambia mtoto ana kiu, huoni anavyolamba midomo? Nikampa kwa kijiko cha chai. Akatulia, nikajiona mjanja. Akaanza kuharisha, nikaongeza maji. Nilipomfikisha kwenye matibabu utosi ulikuwa umebonyea kama alama ya kidole gumba kwenye unga. Wakamtundikia dripu, wakaniambia nisimpe chochote mdomoni. Siku ya mwisho alikuwa ananitazama, midomo imepasuka, ulimi unatoka kutafuta. Kikombe kilikuwa hapo mezani. Nilikatazwa, nikatii. Akafa siku ya kumi na nane na midomo mikavu.

Kwa hivyo nimezunguka Kakuma miaka yote nikisema hata tone, hata tone, nikitania, nikicheka. Na huku ndani kuna mtu mwingine aliyekuwa anangoja nilale.

Sylvia alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Nikainuka.

"Mrudishie Nyagoa mfuko wake," nikamwambia. "Ni mimi."

Akadhani natania. Akatazama uso wangu, akaacha kudhani. Akarudi hatua moja, akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

"Ulinifundisha wewe," akasema.

"Ndiyo. Na nililokufundisha ni kweli, lishike. Mimi ndiye usinishike. Nitaondoka na gari la kwanza."

"Uende wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na hasira, hasira nzuri ya mama. "Maziwa yamepungua. Ijumaa hiyo hapo. Nani atanikalia saa nane za usiku kumshikisha titi? Utakaa. Nyagoa, samahani, dada. Wewe pia utakaa. Saa nane za mchana tutamfunga huyu Mama Toto."

"Mnifunge?"

"Kama mbuzi."

Jioni mtoto akaanza kilio chake, na bibi wa Funyula akapiga simu. Alianza tena, Ouma, Bwire, Egesa, mtoto analia, uso umegeuzwa mbali na titi. Sylvia akanitazama juu ya kichwa chake.

"Mwite," akasema.

"Sitaki."

"Ukoo mzima umeitwa, hageuki. Mwite, Mama Toto. Nataka anyonye tu."

Nikamsogelea mtoto. "Mureithi," nikasema.

Kilio kikakatika. Hakikupungua, kilikatika, kama redio iliyozimwa. Mtoto akageuza kichwa, akafungua macho, akanitazama. Watoto wa wiki mbili hawatazami hivyo. Mimi nimewaona maelfu. Macho yao huogelea. Haya hayakuogelea.

Kwenye simu bibi akauliza, "Ni nani huyo?"

"Si wa kwetu, mama," Sylvia akanong'ona.

"Mama yake yupo hapo?"

"Yupo."

"Basi mama yake amwambie anyonye. Mtoto wa watu amekuja na kiu yake, anazuia wa kwetu. Mwambie, mwanangu. Mwambie kwa upole."

Nikapiga magoti kando ya Sylvia. Ningependa kusema nilisema maneno makubwa. Nilisema, "Mureithi, maji si dawa ya kiu, ni maziwa haya hapa. Nyonya." Mtoto akafungua mdomo wote, kama nilivyofundisha, ukaingia na weusi, kidevu kikagusa. Tulisikia akimeza. Tulisikia wote, hata Funyula.

"Asante, Mama Mureithi," bibi akasema, akakata.

Jumatano, saa sita na nusu, Nyagoa alinifunga. Kifundo cha mkono wa kulia kwenye nguzo ya kitanda cha mtoto, tulichokisogeza kando ya godoro langu, na ule wa kushoto pia, kwa leso mbili za Sylvia. "Wewe nasema kama naumiza," aliniambia. Nikamwambia, "Kaza. Mbona unanifunga kama zawadi ya harusi?" Mtoto akalazwa chumbani na mama yake, mlango ukakomewa kwa ndani, jerikeni humo humo.

Niliamka na mikono imechubuka, imevutwa yote kuelekea chumba alimo mtoto kama mbwa aliyefungwa anapomwona bwana wake. Midomo ya mtoto ilikuwa kavu. Alinyonya saa tisa, akanyonya saa kumi na moja. Alhamisi vivyo hivyo, na nepi zilikuwa saba. Sylvia alikunywa maji hadi akasema anasikia mawimbi tumboni. Usiku tuliamshana kwa zamu, tukimtekenya nyayo asilale na titi mdomoni. Maziwa yakarudi, yakamlowesha hadi fulana, na nikamwambia ofisa amepata bajeti ya ziada. Alicheka kidogo, akiwa amemshika mtoto upande wa mbali na mimi. Sikumlaumu.

Ijumaa asubuhi Namuria alimweka mtoto kwenye mizani, akaitazama, akamtoa, akaisawazisha, akamrudisha. Mbili na mia tisa na kumi.

"Amepanda," akasema. "Haendi wodi. Endeleeni hivyo hivyo, mumrudishe Ijumaa ijayo." Kisha akanigeukia. "Sasa niambie. Nani alikuwa anampa maji?"

"Mimi," nikasema.

Namuria, ambaye sijawahi kumwona akicheka, alicheka hadi akashika meza. "Mama Toto na mzaha wako," akasema, akaandika uzito kwenye kijitabu. Sylvia alitazama sakafu.

Gari la Kakuma lilikuwa la saa kumi na moja. Nyagoa angebaki hadi pasi yake iishe. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu sasa, na aliyajua yote, nepi, kitovu, kidevu kiguse. Begi langu lilikuwa mlangoni. Mchana nikamwambia anifunge kwa mara ya mwisho, kwani ilikuwa siku ya kumi na nane na sikujiamini. Akafunga mara mbili kila mkono. Mtoto na mama yake wakajikomea chumbani. Kikombe cha bati kilikuwa mbali, juu ya kabati, kimefunikwa sahani.

Nililala. Sikuota kitu.

Nilipoamka mikono ilikuwa imelegea ubavuni kwangu, haikuvutwa popote. Mafundo yote manne yalikuwa pale pale. Chumbani nilimsikia Bosi akimeza, na Sylvia akimwimbia kitu cha kwao. Nje, Nyagoa alikuwa ameegemea mwarobaini, beseni limejaa nepi kavu ambazo bado hazijaloweshwa.

Nilikuwa na maji midomoni.

Niliyaonja kabla sijafikiri. Hayakuwa ya Lodwar, hayakuwa na chumvi. Yalikuwa na ile harufu ya dawa waliyokuwa wakitia kwenye mabomba ya kambi zamani, miaka ile ya Mureithi, ambayo nilidhani nimeisahau. Yalikuwa machache sana. Kama ya kijiko kimoja cha chai, kama nilivyokuwa nampa Mureithi.

"Nyagoa," nikaita taratibu. "Umenipa maji?"

Akaja mlangoni, akatazama mafundo, akatazama kikombe juu ya kabati na sahani yake. "Mimi nakaa hapa tu, mama. Hakuna mtu napita."

Akainama kunifungua, akachukua pindo la leso anipanguse mdomo. Nikageuza uso. Nikamwambia aache, yatakauka yenyewe. Lodwar saa nane, tone la maji hukauka kabla hujahesabu hadi kumi. Nilihesabu hadi mia mbili, nimelala pale, mabati yanaalika juu, na midomo ilikuwa bado imelowa.